Robo saa kibarazani: namna ya kumsaidia mtoto kuandika Kiswahili sawasawa

Nilifundisha Kiswahili darasa la tatu na la nne kwa miaka 26, mingi kati ya hiyo katika vijiji vya Geita, kabla ya kustaafu na kuhamia Morogoro kwa binti yangu. Nilidhani nimeachana na madaftari. Wajukuu wangu wawili, mmoja darasa la pili na mwingine la nne, wakanifuata na ya kwao, kisha wakaja wa jirani. Sasa kila jioni, wakishakula na kuvua sare, kibarazani panakuwa na watoto watano au sita, mkeka, na mimi. Tunakaa robo saa. Mtoto aliyeshinda shuleni tangu asubuhi ukimkalisha saa nzima ataandika, ndiyo, lakini roho yake iko kwenye mpira wa makaratasi unaochezwa uani.

Wazazi huniuliza swali lilelile: "Bibi, mwanangu anaongea Kiswahili vizuri tu, mbona akiandika ni balaa?" Kwa sababu anaandika anavyosikia. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na hiyo ni raha kubwa kwa anayejifunza kusoma. Lakini raha hiyohiyo ina mtego wake. Mtoto anayetamka "zahabu" ataandika zahabu, na kwa sikio lake hajakosea. Ukimpigia mstari mwekundu hajui kosa liko wapi, kwa kuwa akilisoma tena neno lake anasikia kilekile alichokusudia. Ndiyo maana mimi naanza na sikio, nafuata mdomo, penseli inakuja mwisho.

Maneno mapacha

Wengi wa wanafunzi wangu wa Geita walikulia katika Kisukuma, lugha isiyo na haja ya r. "Karibu" kwao ni "kalibu," na rafiki ni "lafiki." Nimewafundisha pia watoto wa Kikurya, ambao mambo yao ni kinyume: wanakwenda "kura chakura." Huo si ujinga, wala si sababu ya kumkataza mtoto lugha ya bibi yake. Ni sikio ambalo halijapewa sababu ya kutofautisha sauti mbili. Basi mpe sababu.

Chukua karatasi mbili. Kwenye moja chora kalamu. Kwenye nyingine chora sinia la pilau na watu wamelizunguka. Hiyo ni karamu. Ziweke chini. Wewe sema neno, mtoto aguse picha. Herufi usimwonyeshe bado. Akigusa sawa mara tano mfululizo mbadilishane: yeye aseme, wewe uguse. Hapo ndipo kazi ilipo, maana akisema "kalamu" huku anakusudia sherehe, wewe utagusa kalamu, naye atapiga kelele, "Siyo hiyo, Bibi!" Usimsahihishe. Mwambie, "Mimi nimesikia hivyo." Mwache aihangaikie r mwenyewe. Ikigoma, aige pikipiki inayopanda mlima, ulimi utetemeke, kisha alirudie neno. Penseli mpe siku ya tatu.

Mapacha wa namna hii wako tele: mahali na mahari, kula na kura. Kijana mmoja aliniandikia kwenye insha kwamba mjomba wake amelipa "mahali ya ng'ombe kumi." Nilimuuliza hao ng'ombe wanaenda kukaa wapi, akaanza kunieleza zizi lilipo.

Dh na th zinafundishika kwa ulimi. Mtoto autoe kidogo katikati ya meno na apulize. Kwenye th hewa inatoka bila mngurumo, kwenye dh koo linatetemeka, na akiweka vidole shingoni atausikia mtetemo. Kisha mpe mapacha: thamani na samani, dhana na zana. Geita ni nchi ya dhahabu, watoto wangu walikuwa wanaikanyaga kila siku, na mwaka baada ya mwaka mimi nilikuwa nasahihisha "zahabu."

Hapo nikiri jambo. Zamani nilikuwa mwalimu wa "andika mara mia." Nilimpa mvulana mmoja neno dhahabu aliandike mara mia nyumbani. Mstari wa kwanza alikosea, na iliyobaki akawa ananakili kutoka mstari wa juu yake. Aliniletea zahabu mia moja, kwa mwandiko mzuri sana. Toka siku ile sijampa mtoto adhabu ya kurudia neno. Sasa naomba sentensi tatu tofauti zenye neno hilo, na kila akimaliza moja anarudi kutazama neno sahihi nililoliandika juu ya ukurasa.

Gh nimeshaacha kuipigania mdomoni. Watu wazima wengi wa bara hawaitamki, na mtoto hataamini kwamba neno analolisikia "luga" kila siku lina herufi zaidi. Kwa hiyo hii tunaikariri kwa macho. Maneno anayokutana nayo mtoto wa msingi si mengi. Tumeyaandika kwa makaa kwenye kipande cha boksi, kimening'inia ukutani juu ya mtungi: lugha, ghali, ghala, ghafla, gharama, shughuli, magharibi. Kila anayekwenda kuchota maji ya kunywa anayaona.

H nayo haivumiliki kuachwa, kwa sababu inabeba maana. "Anajua" na "hajui" ni ndiyo na hapana, na mtoto anayeandika "ajui" amemwacha msomaji njia panda. Vilevile ili na hili: "Nimekuja hili nikuone." Mwambie aweke kiganja mbele ya mdomo aseme "ama," kisha "hama." Kwenye la pili pumzi inagusa ngozi. Tahadhari moja: mtoto aliyeonywa sana kuhusu h huanza kuipachika kila mahali, na utaletewa "hanaitwa" na "hasubuhi." Usicheke. Ni dalili kwamba ameanza kusikiliza.

Vipande vya boksi la sabuni

Kama kuna kifaa kimoja tu utakachotengeneza, kiwe hiki. Kata boksi la sabuni vipande vyenye ukubwa wa kiberiti. Juu yake andika viambishi: ni, u, a, tu, m, wa. Kisha nyakati: na, li, ta, me. Mizizi michache: pik, chez, som. Na herufi za mwisho, a na i. Weka akiba ya vipande vya kukanusha: si, hu, ha, hatu, ham, hawa, pamoja na ku na ja. Funga kila kundi kwa mpira wa rangi yake kama unao; mimi hutumia nyuzi za cherehani za binti yangu.

Mtoto anapanga ni-li-pik-a. Anasoma. Sasa mwambie akatae. Atatoa ni aweke si, na wengi huishia hapo wakapata "silipika." Msomee kwa sauti umuulize kama amewahi kumsikia mtu akisema hivyo. Hajawahi. Basi atafute: li inatoka, ku inaingia, sikupika. Siku nyingine nimepika, ambapo me inampisha ja: sijapika. Nitapika ni rahisi, mbele tu ndiko kunakobadilika: sitapika. Wanayoipenda kuliko zote ni ninapika, kwa sababu kipande cha na kinaondoka kabisa hakirudi, halafu a ya mwisho inageuka i: sipiki. "Na amekufa," husema yule wa darasa la pili, na lazima kipande akizike chini ya mkeka.

Dakika kumi za mchezo huu zinamfundisha mtoto sarufi ambayo mimi niliimaliza ubaoni kwa wiki mbili bila yeyote kuelewa. Majina ya vitu, kama kiambishi awali na kadhalika, shule itampa kwa wakati wake.

Vipande hivi pia ndiyo dawa ya ugonjwa mwingine, wa kukatakata maneno: "ana soma," "tume cheza," "wata kuja." Nilikuwa naliona kosa hili kama uzembe mpaka nilipojiuliza linatoka wapi. "Ana" ni neno kweli. Ana kitabu, ana njaa, ana homa. Mtoto ameliona likisimama peke yake, akaliacha lisimame tena. Kosa lenye akili ndani yake. Jaribio ninalowapa ni la kupenyeza neno katikati. "Ana kitabu": unaweza kusema ana kile kitabu? Ndiyo. Basi ni maneno mawili, acha nafasi. "Ana soma": unaweza kusema ana kile soma? Wanacheka. Basi vishikane mikono, anasoma. Jaribio hilohilo linaokoa wale wanaogandisha: "yeye nimtoto," "nababa." Yeye ni yule mtoto. Na yule baba. Pengo lipo.

"Kwa sababu" na "kwa hiyo" ni vita vya peke yake, kwa sababu adui ni sisi. Mtoto anafundishwa shuleni kuacha nafasi, akirudi nyumbani anaona kwenye simu ya shangazi "kwahiyo," "kwasababu," na hata "xaxa" kwa sasa. Sina dawa kamili. Ninachofanya ni kumpa mtoto ujumbe wa shangazi ausahihishe, kwa ruhusa ya shangazi. Wanaifanya kazi hiyo kwa furaha ya ajabu.

Beseni la ngeli

Jaza beseni vitu vya nyumbani: kijiko, mwiko, ufunguo, kifuniko, limau, sufuria ndogo, ufagio wa chelewa. Lifunike kwa kanga. Mtoto atie mkono bila kuangalia, atoe kitu, na aseme kwamba ni chake na kimepatwa na jambo. Kijiko changu kimepinda. Mwiko wangu umevunjika. Limau langu limeoza. Sufuria yangu imetoboka. Kisha kwa wingi: vijiko vyangu vimepinda, miiko yangu imevunjika. Kwenye ufagio wengi watasema "mafagio yangu," hapo simama kidogo: ufagio, fagio, ufunguo, funguo, ukuta, kuta. Fagio zangu zimechakaa. Wakilisema mara nne tano sikio linalizoea, na daftari litafuata lenyewe.

Wanyama na watu ndipo penye utamu. Kuku yangu imepotea, husema watoto wa mjini. Kuku wangu amepotea. Mjukuu wangu aliniuliza, "Akishapikwa je, Bibi?" Nikamwambia hata kwenye sahani ni kuku wako. Hakuridhika, na mimi nilienda kulala nikimfikiria yule kuku. Kifaranga ni wangu na amekufa, ingawa jina lake linaanza na ki. Na kwa watoto waliokulia kando ya ziwa nilikuwa na mfano usiosahaulika: kiboko ameingia majini, kiboko kimevunjika. Wa kwanza ni mnyama, wa pili ni fimbo ya mwalimu. Hakuna aliyewahi kuvichanganya.

Mwonye mapema kuhusu ndugu, asije akadhani umemdanganya. Tunasema mama yangu, rafiki yangu, ndugu zangu, lakini mama amekuja, ndugu wamekuja. Ukoo una desturi zake kwenye umilikishi. Mweleze mara moja, uendelee.

Nyanya chungu

Nilimtuma yule wa darasa la nne sokoni Mawenzi na kikaratasi nilichoandika haraka: "Ninunulie nyanya chungu na bamia." Nilitaka nyanya za mchuzi, na chungu cha udongo cha kupikia maharage. Akarudi na fungu la nyanya chungu, zile za kijani zenye uchungu, na bamia. Hakukosea hata kidogo. Niliyekosea ni mimi niliyekula mkato. Usiku ule tulikula nyanya chungu, na kuanzia kesho yake nilipata somo la mkato ambalo sikuwahi kuwa nalo kwa miaka 26. Kila mtoto anayekuja kibarazani husimuliwa, kisha naandika sentensi ile mara mbili, yenye mkato na isiyo nao, naye ananichorea kitakachokuwa ndani ya kikapu.

Alama ya kuuliza kwa Kiswahili ina kazi nzito, kwa sababu mara nyingi swali na taarifa zina maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Baba amerudi. Baba amerudi? Baba amerudi! Mdomoni sauti ndiyo inayotenganisha. Kwenye karatasi hakuna sauti, kuna alama tu. Andika sentensi hiyo mara tatu na alama tofauti, mtoto aigize kila moja. Ya tatu waigize wawili: mmoja ambaye baba yake alikuwa safarini, na mwingine aliyevunja kioo cha kabati. Kisha geuza: wewe tamka, yeye aandike alama tu, hata bila maneno.

Nukta tunaifanya kwa miguu. Namsomea mtoto hadithi fupi huku anatembea uani. Kwenye mkato anapunguza mwendo, kwenye nukta anasimama miguu pamoja, na sentensi mpya inaanza kwa hatua kubwa, ndiyo herufi kubwa. Aliyezoea kutembea hivi, mpe aya isiyo na alama yoyote aisome kwa sauti, aweke nukta pale anapohisi miguu ingesimama. Majina ya watu na ya mahali yanapata herufi kubwa hata katikati ya safari. Hilo ni la kukumbusha tu, halina falsafa.

Ritifaa, ile alama ndogo inayokaa juu baada ya herufi, wengi huisahau kwenye ng'. Wape ngoma na ng'ombe wayatamke polepole. Kwenye ngoma kuna g inayogonga. Kwenye ng'ombe sauti inabaki puani. Nawaambia ritifaa ni kamba ya kumfungia ng'ombe. Asiyeiandika, ng'ombe wake amekwenda shamba la watu.

Imla, na jinsi ya kusahihisha

Ijumaa tunafanya imla. Sentensi tatu au nne, si zaidi, na zihusu mambo yaliyotokea hapa nyumbani au yanayoweza kutokea. Ya wiki iliyopita ilikuwa hivi:

"Jana adhuhuri kaka alikwenda ghalani. Alimkuta ng'ombe wetu amelala juu ya magunia. 'Nani amemfungulia?' aliuliza kwa hasira. Hakuna aliyejibu."

Isome yote mara moja, penseli zikiwa chini. Soma tena kwa vipande vya maneno matatu manne, ukisubiri. Soma mara ya mwisho yote, wakifuatisha kwa kidole. Usitamke "nukta" wala "mkato". Sauti yako iseme. Na usivute silabi kupita kiasi ili kuwasaidia, maana hakuna mtu mwingine atakayewahi kuzungumza nao hivyo.

Sasa kusahihisha, ambako wazazi wengi huharibu kazi yote. Weka peni nyekundu kabatini. Chukua penseli, na kila mstari wenye kosa uwekee nukta ndogo pambizoni: kosa moja nukta moja, makosa mawili nukta mbili. Neno lenyewe usiliguse. Mrudishie mtoto, mwambie, "Mstari huu una mawili, yatafute." Atausoma kwa sauti, atakuna kichwa, atalipata moja, na mara nyingine atasahihisha lililokuwa sawa. Mpe muda. Akishindwa kabisa, lisome neno wewe kama alivyoliandika, silabi kwa silabi, bila kumhurumia: "a-zu-hu-ri." Atalisikia.

Na uchague. Daftari la mtoto wa darasa la pili lina makosa kumi na matano. Ukiyaandama yote kwa siku moja hakuna litakalobaki kichwani. Mimi nachukua aina moja kwa wiki. Wiki ya nafasi baina ya maneno, nukta zangu zinahesabu nafasi tu, na "zahabu" inapita salama mpaka zamu yake ifike. Binti yangu haipendi njia hii. Anasema kosa likionekana likemewe. Tumekubaliana kwamba Jumamosi ni yake.

Mtoto akikuuliza usilolijua

Ipelekeni hoja kwenye kamusi, wote wawili. Lakini mfundishe kwanza kuitumia, kwa sababu kamusi ya Kiswahili haifunguliwi kwa herufi ya kwanza unayoiona. Akitafuta "walimpikia" kwenye W atakesha. Avue nguo za mbele moja moja, wa, li, m, mpaka abaki na pikia, na hapo aende kwenye P, kwa pika. Kwa majina ya wingi, arudi kwenye umoja: vyungu liko kwenye chungu, nyuso kwenye uso. Aliyecheza na vipande vya boksi la sabuni ataifanya kazi hii kwa dakika moja.

Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa mtaani, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Majuzi niliacha daftari la mikutano juu ya meza, limefunguka mahali nilipoandika kwamba tutajadili "hatma ya mikopo iliyochelewa." Nilikuwa jikoni. Niliporudi nilimkuta mjukuu wa darasa la nne amepiga magoti kitini, kamusi imefunguliwa kwenye H, kidole kiko kwenye hatima. Hakugusa neno langu. Pambizoni, kwa penseli, alikuwa ameniwekea nukta moja.